Teke la Mbele

Siku ile mjinga alikuwa Kwato, na mwenyewe hakatai. Mkute leo amekaa kwenye benchi la nje, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili, muulize ilikuwaje. Atakwambia, "Mjinga nilikuwa mimi. Wengine wote walikuwa kazini." Na akisema wengine wote, hata mbwa wamo.

Jina la Kwato alilipata kwa punda. Miaka kumi na tisa alikula jasho la mkokoteni, akibeba mchanga, mbao, na magodoro ya watu wanaohama nyumba kabla mwenye nyumba hajaamka. Katika miaka hiyo alimiliki punda watatu, na wote walimpiga mateke. Meno mawili ya mbele yalikwenda na punda wa kwanza. Kiwiko cha kushoto kilikwenda na wa pili. Wa tatu ndiye aliyemtia adabu, na adabu yenyewe ilikuwa fupi: usisimame nyuma ya mnyama. Simama mbele, akuone uso, umshike kichwa, kwa maana balaa lote liko mkiani. Kwato aliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili, akawa anaigawa bure kwa kila aliyemwuliza, na kwa wengi ambao hawakumwuliza kitu.

Punda wa tatu alipokufa kwa ugonjwa wa tumbo, Kwato akabaki na mkokoteni bila wa kuuvuta. Mkewe akasema, twende kwa mama. Mwanamume wa umri wake kwenda kujibanza kwa mama mkwe ni dawa chungu isiyo na kitulizo. Aliimeza.

Mama mkwe alikuwa mjane mwembamba, mpole wa sauti, mfugaji wa mbuni. Walikuwa wamebaki wawili kwenye ua mpana uliozungushiwa waya. Dume aliitwa Kaptula, kwa sababu manyoya yake meusi yaliishia kiunoni, na kuanzia hapo kushuka chini ni mapaja matupu, mekundu, kama mzee aliyeamka bila kumaliza kuvaa. Jike aliitwa Majivu, kwa rangi yake. Misimu miwili mfululizo walikuwa wameatamia na kuangua, na misimu yote miwili mbwa koko wa dampo walipenya chini ya waya wakamaliza kila kifaranga. Mara hii mama mkwe alichimbia mawe kuzunguka ua wote, mwenyewe, kwa sururu. Mara hii walianguliwa kumi na mmoja, na siku ya tano wote walikuwa hai.

Asubuhi ya siku hiyo ya tano alijifunga mtandio, akachukua kikapu, akamwita mkwewe getini.

"Naenda mjini kuchukua chanjo yao. Nikirudi jioni niwakute kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja, mama. Labda wakiongezeka."

"Hawaongezeki. Sikiliza, mkwe. Najua unalala vibaya hapa kwangu. Nawasikia majirani wakiuliza yule ni mgeni au ni mzigo. Nikiwakuta kumi na mmoja, funguo za ua huu ni zako, na atakayeuliza msimamizi ni nani nitamwonyesha wewe. Nikiwakuta kasoro, sitasema neno, lakini funguo nitabaki nazo."

Kwato akahisi kifua kinapanuka. Tangu punda wake afe hakuna mtu aliyempa hata sufuria kushika.

"Geti lifungwe wakati wote," mama mkwe akaendelea. "Usiingie bila tawi la miiba mkononi. Na Kaptula akiwa na watoto, usimguse."

"Mama, tawi la miiba kwa ndege anayeficha kichwa mchangani?"

"Umewahi kumwona akificha?"

"Watu wanasema."

"Watu hawafugi mbuni," akasema mama mkwe, akaondoka zake.

Ieleweke kwamba Kwato hakuwa mvivu wala mwoga. Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa ameshaona kitu kimoja kizuri, akakipenda. Kitu chenyewe kilikuwa soksi. Ilikuwa soksi ndefu ya mpira, iliyokatwa ncha ili mdomo wa ndege upate pa kutokea, na ilining'inia kwenye nguzo ya geti pamoja na fimbo ndefu yenye ndoano. Wiki moja nyuma Majivu alikuwa na jeraha shingoni. Mama mkwe akamvuta shingo kwa ndoano, akaivuta ile soksi kutoka mkononi mwake mpaka kichwani mwa ndege, macho yakafunikwa, na lile jike lililokuwa likirukaruka likasimama tuli kama taa iliyozimwa. Kwato alitazama mdomo wazi. Angekuwa na soksi ya namna hiyo kwa punda wake, leo angekuwa na meno yote.

Ilipofika saa nne, alikuwa akiingiza pumba kwa toroli. Mzigo ulikuwa mzito na gurudumu halina upepo. Akalivuka geti, akamwaga nusu kwenye hori, akarudi kuchukua beleshi, na kwa vile alikuwa anatoka na kuingia, akaliacha toroli limelala katikati ya geti. Mara moja tu. Mkewe alikuwa upande wa pili wa waya, akianika nguo.

"Baba, geti," mkewe akasema, pini ya nguo mdomoni.

"Nakuja sasa hivi."

Walikuja watatu. Mbele alikuwa dume la mbwa lenye sikio moja, kifua kipana, kimya. Mbwa anayebweka anatafuta sifa, na huyu alikuwa anatafuta nyama. Nyuma yake wa manjano mwenye mbavu za kuhesabika, na wa tatu mweusi, mdogo, mwenye haraka. Walilikanyaga toroli kama ngazi, wakawa ndani.

Kaptula alikuwa ameshawaona kabla hata hawajafika barabarani. Shingo yake ilikuwa imesimama wima kama bomba, macho yale makubwa yameelekezwa getini. Akatoa mlio mkali wa pumzi, kama tairi linalotoboka. Hapo hapo mambo mawili yakatokea kwa mara moja, na yote mawili Kwato aliyaona kwa macho yake na kuyaelewa kinyume.

La kwanza, Majivu alianguka. Alijibwaga chini, shingo akainyoosha juu ya vumbi, mabawa akayatandaza, akatulia. Rangi yake na rangi ya udongo zikawa moja. Vifaranga waliokuwa wakimfuata wakatawanyika mbali huku na huko, nao wakajibandika chini, kila mmoja na madoadoa yake, na pale palipokuwa na familia pakabaki uwanja mtupu wenye vijiwe.

La pili, Kaptula alivunjika bawa. Ndivyo Kwato alivyoona. Dume lile la uzito wa magunia mawili ya mchele lilitoka mbio kuelekea kona ya mbali, likipepesuka kama mlevi wa mwisho wa mwezi, bawa moja likiburura mchanga, likianguka, likiinuka, likilia kilio cha kumtoa mtu machozi. Mbwa wote watatu wakageuka. Kilema hukimbiliwa na kila mwenye njaa. Wakampita Majivu kwa hatua nne, wakamfuata Kaptula.

"Jike amekufa," Kwato akasema peke yake, "na dume amevunjika."

Kichwani akaona jioni imeshafika, mama mkwe amesimama getini na kikapu, na funguo zinarudi mfukoni mwake. Akanyakua fimbo ya ndoano, akavuta soksi mpaka kwenye kiwiko, akatimua mbio. Tawi la miiba aliliruka pale lilipokuwa limelala.

"Mwache," mkewe akapaza sauti kutoka kwenye waya. "Anawavuta tu. Mwache awavute."

Kwato alisikia kila neno. Akajiambia, mwanamke anaogopa damu.

Kaptula alikuwa amewafikisha mbwa kwenye kona kabisa, mbali na watoto wake kadiri ua ulivyoruhusu. Hapo alikuwa ameshaanza kuyakunja mabawa yake mazima, tayari kugeuka na kuwaacha solemba kwa mbio ambazo hakuna mbwa aliyezaliwa nazo. Ndipo Kwato akatokea kati ya mbwa na ndege. Alimpiga yule wa manjano mbavuni kwa fimbo, akamrusha pembeni. Akatia ndoano kwenye shingo ya Kaptula, akaivuta chini, akasimama mbele yake uso kwa uso kama kanuni inavyotaka, na kwa mkono mmoja akaiteremsha soksi.

Ilikwenda vizuri mno. Hata mama mkwe asingefanya vizuri zaidi.

"Tulia, bwana mkubwa," akamwambia. "Nipo hapa."

Taa ikazimika. Kaptula akasimama.

Yule wa sikio moja hakuwa na haja ya kualikwa mara mbili. Aliruka kutoka ubavuni, akazamisha meno katika paja tupu, juu, panapokutana na tumbo, akaning'inia. Damu ilitoka kwa mruko, ikampiga Kwato kifuani, moto. Kaptula alipiga teke, lakini alipiga giza. Mguu ulikutana na nguzo ya uzio, na nguzo, mti mzima wa unene wa paja la mtu, ikapasuka kwa sauti ya risasi. Akapiga tena, akakosa tena. Mbwa akatikisa kichwa kama anavyotikisa tambara, na nyama ikaanza kuachia.

Wale wengine wawili waliona kuwa hapa kuna mtu mwenye fimbo, na kule hakuna mtu. Wakarudi. Sasa walikuwa wananusa chini. Yule mweusi mdogo alipita juu ya kifaranga wa kwanza bila kumwona, akamkanyaga wa pili, na wa pili akalia. Akamuuma, na mfupa ukasikika ukivunjika mpaka kwenye kamba ya nguo. Akamtupa, akamdaka wa tatu. Yule wa manjano akaweka guu juu ya mwingine, akainamisha kichwa, na hakula kwa pupa. Alimpasua kwa utaratibu, kama mtu anayemenya chungwa.

Hapo maiti ikaamka.

Majivu hakusimama, alilipuka. Kutoka chini alikolala mpaka alikokuwa yule wa manjano ni hatua ambazo Kwato baadaye alizipima kwa magongo, zikawa ishirini na sita, na jike yule alizimaliza kabla mbwa hajainua pua. Mguu ulipanda juu mbele ya kifua chake, ukashuka. Mbuni ana vidole viwili tu, na kimoja kina ukucha kama msumari wa mbao. Uliingia chini ya koo la mbwa ukatokea kwenye kinena. Alifunguka kama begi lenye zipu. Alijaribu kukimbia, akakimbia kweli hatua tatu, vitu vyake vikimfuata nyuma, kisha akakaa chini akatazama alichokiacha. Majivu hakumpa nafasi ya kufikiri. Teke la pili lilimkuta kichwani, na kichwa hakikuwa tena na umbo la kichwa.

Yule mweusi aliona yote hayo, kifaranga mdomoni. Akatoka mkuku kuelekea getini, Majivu nyuma yake, na toroli ndilo lililomwokoa: alipita chini ya mkono wake, ndege akalipiga bati likabonyea, na mbwa akapotea barabarani na mzigo wake.

Akili ilimfikia Kwato kama inavyomfikia mtu aliyekaa mwisho wa foleni. Jike hakuwa amekufa. Bawa halikuwa limevunjika. Aliyekuwa kilema katika ua ule alikuwa ndege mmoja tu, na kilema chenyewe amevalishwa na yeye. Akaikamata soksi kwa ncha, akaivuta.

Alikuwa bado amesimama mbele.

"Toka hapo mbele yake," mkewe akapiga kelele. Alikuwa ameshaingia, tawi la miiba mkononi, akikimbia. "Pita nyuma. Pita nyuma yake."

Nyuma? Miaka kumi na tisa, meno mawili na kiwiko vilimwambia kwamba mwanamke huyu hajui wanyama. Kwato akabaki mbele, akainua mikono miwili apate kuonekana uso.

Kaptula alipepesa macho mara moja. Akajipinda, akamwona yule wa sikio moja kwenye paja lake, akajipukusa kwa nguvu mpaka mbwa akaachia na kuanguka miguuni pake. Mguu ukashuka. Uti wa mgongo ulikatika katikati. Mbwa alijikokota kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma ikimfuata kama kitu cha kuazima, na Kaptula akamkanyaga mara nne, tano, sita, bila haraka, mpaka pale chini pakawa hapajulikani ubavu wala sikio.

Kisha akageuza kichwa akamtazama mtu wa soksi.

Kwato anasema teke lile hakuliona. Aliona goti likipanda mpaka usawa wa kidevu chake, halafu akawa anatazama mawingu. Paja lake lilikuwa limevunjika kama muwa, na kutoka nyonga mpaka karibu na goti suruali ilikuwa imepasuliwa mstari mmoja ulionyooka, na ndani ya suruali nyama nayo vivyo hivyo. Aliposhika mkono ukaingia ndani. Akajaribu kukaa. Teke la pili likamkwaruza mbavu, tatu zikaenda.

"Lala," sauti ya mkewe. "Kifudifudi. Lala kama gunia. Akisimama juu yako usitikisike."

Mara hii alitii. Alijigeuza akiuma mchanga, akajibandika chini, mikono kisogoni. Teke la tatu lilipita juu yake, upepo ukamgusa nywele. Mguu wa mbuni unapiga kwenda mbele, na aliyelala chapa yuko chini ya njia yake. Lakini kukanyaga anakanyaga. Kaptula alimpanda mgongoni, akashuka, akampanda tena, akitoa ile pumzi ya tairi, damu ya paja lake ikimchuruzikia Kwato shingoni. Mwishowe, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akamkalia. Magunia mawili ya mchele juu ya mbavu tatu zilizovunjika. Kwato alitaka kulia, akakosa hewa ya kulilia.

Mkewe alifika akinyoosha tawi la miiba usawa wa macho ya ndege. Hakupiga. Alilisukuma tu kuelekea kwenye yale macho makubwa, taratibu, na Kaptula, asiyeogopa meno wala fimbo, akavuta kichwa nyuma. Mbuni akipoteza macho amepoteza miguu. Akainuka, akarudi kinyumenyume hatua moja moja, mpaka akamfikia Majivu. Wakasimama bega kwa bega juu ya waliobaki.

"Nilikwambia umwache," mkewe akasema, akimvuta kwapa kuelekea kwenye toroli lililobonyea.

"Nilisikia."

"Sasa ukisikia huwa unafanya nini?"

Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa daktari wa mifugo. Alikuja kwa pikipiki, akamfunga Kwato kitambaa cha kuzuia damu, kisha akaenda kumshona Kaptula kwanza, nyuzi thelathini na moja, mkewe akishika tawi.

"Daktari, na mimi?" Kwato akauliza kutoka ndani ya toroli.

"Gari la zahanati linakuja. Ruhusa yangu ni ya wenye mkia."

Jioni alikuwa amesharudishwa kutoka zahanati, amelala chumbani, mguu mzima umepakwa plasta, mbavu zimezungushiwa bendeji mpaka anapumua kwa mkopo. Akasikia geti likifunguliwa, likifungwa, likitiwa kufuli. Kisha hatua za polepole upande wa ua. Mama mkwe alikuwa anahesabu. Alihesabu, ilivyosikika kwa nyayo zake, mara tatu.

Alipoingia chumbani bado alikuwa na kikapu mkononi, chupa za chanjo ndani yake zimefungwa kwa barafu na gazeti. Akaketi kwenye kigoda. Mkewe alisimama mlangoni.

"Pole, mkwe."

"Ahsante, mama."

"Wanane."

Kwato alikuwa amejiandaa mchana kutwa. Mtu akilala na mguu kama boriti hana kazi nyingine ila kuandaa hoja.

"Mama, kabla hujasema, nisikilize. Kosa la geti ni langu, silitupi kwa mtu. Lakini yule ndege hafai. Mimi niliingia katikati ya mbwa watatu kwa ajili yake. Ningeweza kukaa nje ya waya. Nilimwokoa, na malipo yangu unayaona. Nimeshapigwa na punda, na punda angalau anakupiga bila kukuona. Huyu alinitazama usoni. Aliangalia, akachagua."

"Endelea."

"Mnyama asiyejua nani adui na nani mwenziwe ni mwehu, na mwehu hafugwi. Leo ni mimi, kesho ni mwanao huyu, keshokutwa ni mjukuu. Achinjwe. Mimi nikipona nitakutafutia dume mwingine, mwenye adabu."

"Baba," mkewe akasema kutoka mlangoni, "unazidi kuchimba."

"Mwache amalize," mama mkwe akasema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Niambie tu kama nimekosea. Walioingia mle kuua ni mbwa. Mimi niliingia kusaidia. Kwa nini anihesabu pamoja nao?"

Mama mkwe alikiinua kikapu kutoka magotini, akakiweka chini polepole, maji ya barafu yakitiririka sakafuni.

"Hakukuhesabu pamoja nao," akasema. "Mbwa watatu waliingia kwangu na meno yao, na baba wa watoto alikuwa anawamudu. Wewe ndiye uliyemfunga macho."